Benny Parsons: ilikuwaje dereva teksi akabeba ubingwa kwa kushinda mbio moja tu

Mwambie mtu kuna dereva aliingia mbio 28 ndani ya mwaka mmoja, akashinda 1 peke yake, halafu mwisho wa msimu akakabidhiwa ubingwa wa nchi nzima. Jibu la kwanza utakalopata ni kwamba huyo kabebwa. Mwongezee kwamba mwaka huohuo kulikuwa na mwenzake aliyeingia mbio 18 akashinda 11 na hakupata kitu, hapo ndio kabisa, mtu anaanza kuuliza nani alikula hela. Sasa hakuna aliyekula hela na hakuna aliyebebwa. Huyo dereva anaitwa Benny Parsons, bingwa wa NASCAR Marekani mwaka 1973, na mimi naamini ukimwelewa yeye basi umeuelewa mchezo wote, kwa sababu yale yanayowachanganya watu kwenye hizi mbio, hesabu za pointi, mambo ya upepo, gari kugoma kwenye kona, yote yalipita mikononi mwake akiwa dereva, halafu akaja kukaa karibu miaka 20 kwenye kiti cha utangazaji akiyafafanua kwa watu wa kawaida.

Kwanza tuelewane NASCAR yenyewe ni nini maana huku kwetu tumezoea Safari Rally. Rally gari zinaachiwa moja moja, unashindana na saa, vumbi na matope ya Naivasha ndio adui yako. NASCAR gari zote, mara nyingi 40 hivi, zinaachiwa kwa pamoja kwenye kiwanja cha duara la kurefuka, lami, kona zimeinuliwa upande mmoja kama ukuta umelala, na zinazunguka kuelekea kushoto masaa matatu mpaka manne zikiwa zimebanana bampa kwa bampa. Jina la zamani la huu mchezo maana yake ni mbio za gari za dukani, yaani gari ileile ambayo jirani yako angeinunua shoruum, na miaka ya mwanzo ilikuwa kweli hivyo. Siku hizi ukivua bodi unakuta mabomba ya chuma yaliyochomelewa kama ngome, siti moja, milango haifunguki na dereva anaingilia dirishani. Umbo la nje tu ndio linafanana na gari ya barabarani.

Na chimbuko lake ndio linanifurahisha zaidi. Kule Kusini mwa Marekani, kwenye milima ya North Carolina, Georgia na Virginia, watu walikuwa wanapika gongo. Gongo kabisa, ya mahindi na sukari, ya kujificha msituni, na ili kuifikisha mjini bila kukamatwa ilibidi uwe na gari inayoonekana ya kawaida kwa nje lakini injini imechezewa na spring za nyuma zimeongezewa nguvu ili isionekane imebeba mzigo. Hao madereva wa gongo usiku walikuwa wanakimbizana na polisi, jumapili wanapiga ligi wenyewe kwa wenyewe kwenye viwanja vya vumbi ili kujua nani ana gari kali. Bill France ndiye aliyewakusanya wadau hotelini Daytona Beach mwezi wa 12 mwaka 1947 wakaweka kanuni, na mwaka 1948 NASCAR ikasajiliwa.

Benny Parsons alizaliwa Julai 12, 1941 Wilkes County, North Carolina, yaani palepale kwenye kitovu cha gongo. Wilkes ndio kwao Junior Johnson pia, dereva mkubwa aliyewahi kufungwa jela kwa ajili ya mtambo wa gongo wa familia. Lakini Benny hakutokea kwenye biashara hiyo. Wazazi wake walienda Detroit kutafuta maisha wakamwacha kijijini kwa bibi, tena siyo bibi wa karibu, ni yule wa kizazi cha juu zaidi, kwenye nyumba isiyo na umeme wala maji ya bomba, na ukiangalia hayo malezi hayana tofauti na ya watoto wengi tunaowajua, baba na mama wako mjini, wewe unakulia kwa bibi, unasoma ukimaliza ndio unawafuata. Alivyomaliza shule akawafuata Detroit, na huko baba yake alikuwa na kampuni ya teksi.

Kwa hiyo kijana akawa dereva teksi. Asifikirie mtu ni hadithi ya kutafutia umaarufu, mpaka baadaye akishakuwa dereva wa mashindano, kwenye fomu za kujiandikisha sehemu ya kazi alikuwa anajaza dereva teksi. Alivyoingia kwenye mbio ni kwamba siku moja wateja wawili walipita na gari ya mashindano wameifunga nyuma wanaivuta, wakamwambia twende kiwanjani, kufika huko dereva wao hakutokea, wakamwambia basi endesha wewe. Akaendesha. Ukikua mitaa ya kwetu unaielewa hiyo bila maelezo, dereva hajaja, gari ipo, abiria wapo, anaitwa deiwaka aliyekaa kijiweni, na wapo matajiri wa mabasi leo walioanza kwa kuitwa hivyo.

Mwaka 1964 alipewa nafasi ya mbio moja ya NASCAR, haikuzaa chochote, akarudi Detroit. Badala ya kukata tamaa akaenda ligi ya chini yake inayoitwa ARCA, akawa bingwa 1968 na tena 1969, ndipo mwaka 1970 akapata tajiri wa kumwamini, L.G. DeWitt, mtu wa malori na mashamba ya matunda kutoka kimji kidogo kinaitwa Ellerbe, North Carolina. Hii timu haikuwa na hela za viwanda vya magari. Madereva wakubwa wa wakati ule, kina Richard Petty, David Pearson na Cale Yarborough, walikuwa na injini bora na mafundi wengi, Benny na fundi wake mkuu Travis Carter walikuwa wanaunga unga.

Sasa tuje kwenye 1973, na hapa naomba twende taratibu maana ndio penye fumbo.

Miaka ile pointi hazikuhesabiwa kama ligi ya mpira ambapo ushindi una pointi tatu na kufungwa sifuri. Mshindi wa mbio alipata 100, wa pili 98, wa tatu 96, inashuka mbili mbili hivyo mpaka chini. Angalia hapo, tofauti ya aliyeshinda na aliyemaliza wa 10 ni pointi 18 peke yake. Halafu juu ya hizo kulikuwa na pointi za mizunguko, kila mzunguko ulioumaliza unalipwa, na kiwanja kikiwa kikubwa mzunguko mmoja unalipwa zaidi. Benny alimaliza msimu na pointi 7,173.80. Piga hesabu mwenyewe: hata kama angeshinda mbio zote 28, nafasi zingempa 2,800 tu. Maana yake zaidi ya pointi 4,300 katika hizo zake zilitokana na kuzunguka, kuzunguka, kuzunguka, gari isife, isigonge, injini isipasuke, umalize.

Kwa hiyo David Pearson, yule wa ushindi 11 kwenye mbio 18, alikuwa na kasi kuliko watu wote mwaka ule, hilo halina ubishi, lakini timu yake ilichagua kuingia baadhi ya mbio tu. Mbio 10 hakuwepo. Huwezi kulipwa mzunguko ambao hukuzunguka. Richard Petty alikuwepo kwenye zote na alishinda 6, ila kuna siku gari lilimfia mapema, na ikikufia mapema unakosa nafasi na unakosa mizunguko, unaumia mara mbili. Benny yeye alimaliza ndani ya kumi bora mara 21 kati ya mara 28. Mimi naona ule mfumo ulikuwa unauliza swali tofauti na tunalolizoea sisi. Tumezoea kuuliza nani anakimbia sana, wao walikuwa wanauliza ni nani mwaka mzima ukimtuma atarudi na gari na hesabu ya tajiri imetimia. Na ukiuliza hivyo, nani angemshinda dereva teksi?

Ule ushindi wake mmoja aliupata Bristol, Tennessee, mwezi wa saba, joto lilikuwa kali kiasi kwamba katikati ya mbio ilibidi atoke apumzike na mwenyeji wa maeneo yale, John Utsman, akamsaidia kuendesha mizunguko kadhaa. Kanuni zinasema aliyeanza ndiye anayehesabiwa, kwa hiyo ushindi ni wa Benny. Kwa maana hiyo hata huo mmoja uliguswa na deiwaka.

Halafu ikaja siku ya mwisho, Oktoba 21, kiwanja cha Rockingham, North Carolina. Benny anaongoza pointi, kinachotakiwa ni kuzunguka tu. Mzunguko wa 13, wa 13 kati ya 492, gari la mbele likazunguka na kuparamiwa, Benny akajikuta ndani ya ile ajali na upande wa kulia wa gari lake ukachanwa wote, si bodi peke yake, na yale mabomba ya ile ngome ya chuma, unaona mpaka ndani. Mtu yeyote anayejua magari angekwambia hiyo imeisha, pakia kwenye lori twende nyumbani.

Kilichofuata mpaka leo nikikisoma nasisimka. Mafundi wa timu nyingine waliacha shughuli zao wakaja kwenye eneo la gereji kusaidia. Kulikuwa na gari la dereva mwingine ambalo lilishindwa kufuzu siku zilizotangulia bado lipo pale kiwanjani, wakalikata lile, wakatoa mabomba na vipuri wakachomelea kwenye gari la Benny, watu wa timu pinzani, kwa mikono yao, wakati mbio zinaendelea na wapinzani wake wa ubingwa wanazunguka. Baada ya zaidi ya saa nzima gari likarudi barabarani, upande mmoja bodi haipo kabisa, unamwona dereva anavyokanyaga. Hakuwa anashindana na mtu, alikuwa anaokota mizunguko. Akamaliza wa 28, Pearson akashinda mbio, na jumla ilipopigwa Benny alikuwa mbele ya Cale Yarborough kwa pointi 67.15.

Kwa nini walimsaidia? Sababu ya kwanza ni kwamba alikuwa mtu wa watu, hilo kila aliyefanya naye kazi analisema. Ya pili, na hii ni tafsiri yangu, ni kwamba kwenye ile gereji wengi walikuwa timu ndogo kama ya DeWitt, watu wa kuunga unga, na waliona kama bingwa atatoka kwa wenye hali yao basi nao wamo. Jiulize hata hapa kwetu, daladala ikiharibika njiani madereva wangapi wanapita na wangapi wanasimama, na wanaosimama wanamsimamia nani.

Miaka miwili baadaye akaelewesha watu jambo la pili linalowapiga chenga wengi, yaani upepo. Daytona 500, ile mbio ya maili 500 pale Daytona, ya mwaka 1975 Benny alianza nafasi ya 32, na zikiwa zimebaki dakika chache alikuwa wa pili lakini Pearson yuko mbele mbali, sekunde kadhaa, kwa kawaida hapo mbio zimeisha. Richard Petty alikuwepo barabarani, gari lake lilikuwa linachemsha, yuko nyuma mizunguko kadhaa kwa hiyo hawezi kushinda, ila injini ikiwa nzima kwa dakika chache gari lake ndilo lilikuwa lenye kasi kuliko yote. Akampa Benny ishara amfuate, amkae mgongoni.

Anayeendesha bodaboda barabara kuu hii anaijua mwili mzima. Ukiwa peke yako spidi 80 upepo unakusukuma kifuani, ukijibana nyuma ya lori ghafla unasikia kama injini imepata nguvu mpya, kumbe ni lori linakupasulia upepo wewe unapita kwenye nafasi tupu (na tafadhali usifanye, ni hatari mno, lori likifunga breki hupati hata muda wa kusema mama). Sasa kwenye kiwanja cha Daytona kuna kingine juu ya hapo: hata yule wa mbele anafaidika. Gari ikikimbia peke yake upepo ukishapita juu unaanguka nyuma unatengeneza mvuto unaolirudisha gari nyuma, gari la pili likija likaganda pale nyuma linaziba ile nafasi, kwa hiyo mbili zikishikana zinakimbia kuliko yoyote kati yao ikiwa peke yake. Petty na Benny wakaganda hivyo, zile sekunde za Pearson zikaanza kuliwa mzunguko kwa mzunguko, Pearson akaanza kuhangaika kupita magari ya nyuma aliyokuwa anayakuta, na imebaki kama mizunguko mitatu akagusana na mwenzake akazunguka kwenye majani. Benny akapita. Akashinda mbio kubwa kuliko zote za NASCAR. Watu wakasema bahati, na kweli Pearson asingezunguka huenda hadithi ingekuwa nyingine, lakini aliyemlazimisha Pearson akimbilie kwenye hatari ni wale wawili.

Mengine ya udereva wake niyapitishe haraka. Alishinda mbio 21 jumla, mojawapo North Wilkesboro mwaka 1979, kiwanja cha nyumbani kabisa, na ya mwisho Atlanta mwaka 1984. Mwaka 1982 pale Talladega, Alabama, akawa mtu wa kwanza kwenye NASCAR kufuzu kwa mwendo wa zaidi ya maili 200 kwa saa, ilikuwa 200.176, ambayo kwa kilomita ni kama 322. Mwaka 1988 akastaafu.

Sasa hapa ndipo maisha yake ya pili yanaanza, na mimi nasema ndiyo makubwa kuliko ya kwanza.

Lazima ujue televisheni ilikuwa wapi. Mpaka mwaka 1979 hakuna mbio ya Daytona 500 iliyokuwa imeonyeshwa mubashara nzima mwanzo mpaka mwisho nchi nzima, kituo cha televisheni cha CBS ndio walifanya mwaka ule, na theluji ilikuwa imewafungia watu ndani mashariki mwa Marekani, wakaangalia, wakaona na ngumi za madereva mwishoni. Mwaka huohuo ESPN ikaanzishwa, chaneli ya michezo masaa 24 inayotafuta kitu cha kuonyesha, na kuanzia 1981 ikaanza kuonyesha mbio za NASCAR. Ghafla mamilioni ya watu wasiojua chochote wako mbele ya skrini wanaangalia magari yanazunguka kushoto na wanauliza kinachoendelea ni nini. Hapo ndipo wakahitajika watu wa kufafanua, na si kila dereva anaweza. Kuna dereva anajua kila kitu kwenye makalio, gari likiteleza anahisi kabla halijateleza, ila ukimwuliza akueleze hana maneno. Benny alikuwa na maneno. Nadhani ni kwa sababu hakuwahi kuwa na gari la kushinda kila wiki, mtu wa namna hiyo analazimika kufikiri kwa nini, leo gari linagoma kwa nini, yule kanipita kwa nini.

Mfano mzuri ni lugha ya madereva kuhusu kona. Wao wana aina mbili za ugonjwa. Ya kwanza unakata usukani kushoto lakini gari halitaki kugeuka, tairi za mbele zinasukuma kwenda ukutani. Ya pili ni kinyume, mbele inageuka vizuri ila nyuma inatoka, mkia unataka kukupita, kama umeshakaa siti ya nyuma kabisa ya Hiace kwenye barabara ya vumbi ikakata kona kwa haraka unaijua ile. Ukishaelewa hizo mbili basi umeshaelewa kwa nini gari likisimama kubadilisha tairi unamwona fundi anachomeka spana ndefu karibu na kioo cha nyuma anazungusha kidogo, anakaza au kulegeza spring ili kuhamisha uzito kutoka tairi moja kwenda nyingine, na kwa nini wanaongeza au kupunguza upepo wa tairi moja tu na si zote. Mtangazaji asiyeyajua hayo anakwambia wamesimama sekunde kadhaa wametoka. Benny alikuwa anakwambia gari limesimama kutibiwa nini, na baada ya mizunguko mitano anakuonyesha kama dawa imekubali au imekataa.

Pale ESPN walikuwa watatu kwenye kibanda. Bob Jenkins ndiye aliyeongoza matangazo, kazi yake kukwambia nini kinatokea. Benny na Ned Jarrett ndio wachambuzi, kazi yao kukwambia kwa nini. Ned naye alikuwa bingwa, mwaka 1961 na 1965, na sikiliza hii: ule ubingwa wake wa 1961 alishinda mbio moja tu msimu mzima, kama Benny. Kibanda kimoja, mabingwa wawili wa ushindi mmoja. Hao ndio wa kuwapa kazi ya kufafanua pointi.

Na siku ya kuwahitaji ikafika, Novemba 15, 1992, Atlanta, mbio ya mwisho ya msimu. Pointi wakati ule zilikuwa za mfumo mwingine ulioanza 1975: mshindi 175, wa pili 170, ukiongoza hata mzunguko mmoja unapata 5 za nyongeza, na atakayeongoza mizunguko mingi kuliko wote anapata 5 nyingine. Davey Allison aliyeanza siku ile akiongoza msimamo akapata ajali, wakabaki Alan Kulwicki, dereva anayejimiliki mwenyewe na timu yake ndogo, na Bill Elliott kwenye timu ya Junior Johnson. Elliott akashinda mbio. Kulwicki akawa wa pili. Lakini Kulwicki aliongoza mizunguko 103 na Elliott 102. Mzunguko mmoja! Hebu tuhesabu: Elliott 175 na 5, jumla 180. Kulwicki 170 na 5 na 5, jumla 180. Wakatoka sare siku hiyo, na Kulwicki alikuwa ameingia na pointi 10 zaidi, akawa bingwa. Ule mzunguko ungeenda kwa Elliott, yeye angepata 185 na Kulwicki 175, jumla ya mwaka ingelingana kabisa, na sheria ilisema wakilingana anaangaliwa mwenye ushindi mwingi, Elliott alikuwa na 5, Kulwicki 2. Kwa hiyo timu ya Kulwicki walikuwa wanaikokotoa hiyo hesabu gari likiwa barabarani, wakamwacha aendelee kuongoza mpaka hesabu ikae sawa ndio wakamwita aje kujaza mafuta. Kwa nje unaona mtu kamaliza wa pili anashangilia. Ukiwa na Benny kwenye spika unajua anashangilia nini. Na siku hiyohiyo Richard Petty, yule aliyempasulia upepo 1975, alikuwa anaendesha mbio yake ya mwisho maishani.

Kuna swali watu huwa wanauliza kuhusu hawa madereva wanaogeuka watangazaji, kwamba hawatendi haki, wana marafiki kule chini. Ni swali halali. Ned Jarrett ndiye mfano maarufu, Daytona 500 ya 1993 akiwa CBS, mwanaye Dale Jarrett anagombea na Dale Earnhardt mzunguko wa mwisho, wakamwachia baba atangaze peke yake, akamshangilia mwanaye hewani kama baba yeyote na kumwelekeza kona kwa kona mpaka akashinda. Baadaye akaenda kumwomba Earnhardt radhi, na Earnhardt akamjibu kwamba hata yeye ni baba. Mimi naona hilo limeshajibu. Mtazamaji hahitaji mtangazaji asiye na moyo, anahitaji yule ambaye unaujua moyo wake uko wapi na bado anakwambia ukweli wa kona. Benny hakuficha kwamba anawapenda wale vijana, na akiona kosa alilisema, kwa upole, kama mjomba.

Upole huo ulimfikisha hata kwenye chakula. Alipokuwa kituo kingine cha televisheni, NBC, kuanzia 2001 alikuwa na kipande chake kilichompa jina la Buffet Benny, anazunguka kwenye kila mji wa mbio anaonja chakula cha pale. Unaweza kusema ni mambo madogo, ila mtu aliyekulia nyumba isiyo na umeme akiingia jikoni kwa mama wa watu hakai kama mgeni, na kamera inaliona hilo.

Na kingine ambacho hakikuonekana kwenye skrini. Katikati ya miaka ya 90, kwenye mbio ndogo za msimu wa baridi Tucson, Arizona, zilizoonyeshwa na ESPN, Benny akiwa anatangaza alimwona kijana asiyejulikana kutoka jimbo la Washington, mbali kabisa na Kusini, anaitwa Greg Biffle. Akaenda kumwambia tajiri mkubwa Jack Roush, huyo mtoto mchukue. Roush akamchukua. Mwaka 2000 Biffle akawa bingwa wa daraja la pikapu, 2002 bingwa wa daraja la pili la NASCAR, kisha akapanda la juu. Benny hakupata asilimia yoyote pale. Na yeye alishawahi kuwa kijana wa Detroit anayesubiri mtu wa kumtaja kwa tajiri.

Mwaka 2003 historia ikajirudia. Matt Kenseth akachukua ubingwa kwa ushindi mmoja tu msimu mzima, na alikouhakikisha ni Rockingham, kiwanja kilekile, miaka 30 kamili baada ya lile gari lililochanwa. Kelele zikawa nyingi kwamba mfumo unazawadia uzembe, na msimu wa 2004 NASCAR wakabadilisha, wakaweka kipindi cha mwisho cha mchujo kwa walio juu ili mwishoni pawake moto. Mimi niko upande wa Benny na Kenseth kwenye hili. Kuleta gari nyumbani wiki baada ya wiki ni kazi, waulize wanaoendesha kwa hesabu.

Julai 2006 Benny aliwaambia watu kwamba ana saratani ya mapafu. Aliwahi kuvuta sigara, akaacha mwaka 1978, miaka 28 nyuma. Hilo linauma kulisoma. Aliendelea kutangaza msimu ule huku anatibiwa, na wakati fulani ilionekana tiba imefanya kazi, halafu mapafu yakamzidia. Alifariki Januari 16, 2007, Charlotte, akiwa na miaka 65, wiki chache kabla ya Daytona.

Mwaka 2017 jina lake likaingizwa kwenye jumba la heshima la NASCAR palepale Charlotte. Waliingizwa watano kwa pamoja usiku ule, na mmoja wao alikuwa Raymond Parks wa Georgia, tajiri wa timu iliyochukua ubingwa wa kwanza wa daraja la juu mwaka 1949, ambaye mtaji wake wa kununulia gari ulitokana na gongo.